Bonanza baada ya ugomvi: mpira unawatoa vijana hasira au unazipa mazoezi?

#1 Kaskazi_Pemba
Assalaam alaykum wanabarza.

Vijana wa pande mbili wakipigana, iwe kwa siasa, kwa mpaka wa shamba au kwa dago (kambi) la wavuvi, jawabu linalotangulia ni lile lile: "Waandalieni bonanza, wacheze mpira, hasira ziwatoke." Hivi sasa kuna pendekezo la namna hiyo kwa shehia mbili jirani (shehia ndiyo ngazi ya chini ya utawala huku Zanzibar) hapa Pemba, sizitaji. Kila shehia itoe timu moja, mechi ya nyumbani na ya ugenini, mshindi achukue ng'ombe dume.

Mie naona mpango huo unachochea moto. Hasira haitoki mwilini kama jasho. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, aliwakasirisha wanafunzi 600 kwa makusudi. Wengine aliwaambia wapige gunia la ngumi huku wakimfikiria mtu aliyewaudhi, wengine wapige huku wakifikiria afya zao, wengine wakae kimya tu. Waliopiga huku wanamfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote. Waliokaa kimya ndio walioonesha ukali mdogo kabisa. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik wakakusanya tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000 na wakaona jambo lile lile: kinachopandisha mapigo ya moyo hakipunguzi hasira, kinachoyateremsha ndicho kinachopunguza.

Maswali yangu mawili. Ikiwa mchezo hautoi hasira, mbona kuna pahala ligi inaonekana kutuliza watu? Na kama ligi haina budi kuchezwa, ipangwe vipi?

#2 Mwl_Viungo
Waalaykum salaam. Kaskazi, umesoma vizuri lakini umeruka kitu. Katika zile tafiti 154, shughuli za kupandisha mapigo ya moyo hazikufanana. Kukimbia taratibu peke yako kulielekea kuongeza hasira. Michezo ya mpira na vipindi vya mazoezi ya skuli vilielekea kuipunguza. Dhana yao ni kuwa ule uchezaji wenyewe, kucheka na wenzio, una kitu ambacho kukimbia peke yako hakina. Basi usiutupe mpira pamoja na gunia la ngumi.

#3 Mzee_wa_Ngambo
Nyie vijana mnapenda tafiti za mbali. Chungu kikifunikwa kikachemka, kifuniko huruka, na binadamu ndivyo alivyo. Wazee wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, walilijua hili kabla ya hao Wamarekani. Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, watu wanapigana magongo siku moja, wanatoa nyongo zote, kisha mwaka mzima wanaishi kwa amani.

#4 Kae_Kuu
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo lazima nikusahihishe. Hakuna magongo Mwaka Kogwa. Ni migomba. Bua la mgomba lina maji mengi na nyama laini, ukimpiga nalo mtu linapasuka wewe ukiwa umelishika, na mapigo machache tu yanatosha kukuachia nyuzi mkononi. Linauma, linaacha alama, halivunji mfupa. Silaha imechaguliwa makusudi iwe inakwisha.

Tena tazama yanayoizunguka siku yenyewe. Pande mbili zinajulikana, Kusini na Kaskazini, na mtu hachagui upande asubuhi ile. Mapigano yanatangulia, halafu kibanda cha makuti kinachomwa moto na aliye ndani anatoka mbio. Moto ukiwaka, ya mgomba yamekwisha. Wanawake wanaimba, na maneno yaliyofichwa mwaka mzima yanasemwa kwa nyimbo. Halafu watu wanakula, na ni aibu nyumba kukosa mgeni siku ile.

Ukimuuliza mtu wa huku kinachotuliza ni nini, atakwambia yote hayo kwa pamoja. Ukinilazimisha kuchagua kimoja, nitachagua ule moto, maana hapo kila mtu anaona kwa macho yake kuwa pambano limefungwa. Bonanza lenu linafungwa na nini? Filimbi ya refa ambaye nusu ya uwanja wanamtuhumu?

#5 Mzee_wa_Ngambo
Marahaba mwanangu, nimekubali migomba. Lakini nyongo zimetoka, hilo hujalikanusha.

#6 Refa_wa_Central
Naomba niingie hapa kwenye filimbi. Watu wanadhani ugomvi wa mpira wa mchangani unatokana na "damu moto". Mara nyingi una chanzo kinachoonekana na kinachozibika kabla mpira haujaanza. Mpangilio wangu si wa umuhimu, kila uwanja una ugonjwa wake.

Mamluki. Timu inaleta mchezaji wa nje siku ya nusu fainali. Dawa yake ni orodha ya wachezaji 16 kwa kila timu, yenye picha na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Ifungwe siku 7 kabla ya droo, nakala ibandikwe pahala pa wazi katika shehia zote mbili. Pingamizi zipokelewe kwa maandishi ndani ya siku 3, baada ya hapo hakuna rufaa ya mchezaji. Ukiacha mlango wa rufaa wazi mpaka baada ya mechi, timu iliyofungwa itautumia, na matokeo yatajadiliwa vijiweni wiki nzima.

Nyavu. Goli lisilo na wavu ni kiwanda cha ugomvi, kwa sababu mpira uliopita ndani na uliopita nje ya mwamba unafika pahala pamoja. Nyavu chakavu za wavuvi zinatosha, madhali macho yake hayazidi upana wa kiganja. Zifungwe kwa nyuma na zipigiliwe vigingi chini, la sivyo mpira unapenya kwa chini na hoja inarudi pale pale.

Mwamba wa juu. Goli kamili lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Boriti moja ya mita hizo 7.32 inalegea katikati, na ikishuka sentimita 10 tu basi "ilipita juu, ilipita chini" haitaisha. Ndiyo maana kwa mashindano ya upatanisho napendelea wachezaji 7 kwa 7, goli la mita 5 kwa 2, uwanja kama mita 60 kwa 40. Nguzo zichimbiwe sentimita 60. Goli la kuhamishwa lisilofungwa chini ni khatari, likimwangukia mtoto linaua.

Muda. Hili ndilo kubwa. Mechi zinachelewa kuanza, giza linaingia, matokeo ni sare, penalti zinapigwa watu hawaoni mstari. Anza saa 10:15, watu wameshaswali Alasiri. Dakika 35, mapumziko 10, dakika 35, nyongeza kidogo: umemaliza saa 11:40. Mwezi wa Juni Maghrib inaingia kama saa 12:15, kwa hiyo una nafasi ya penalti na ya watu kuondoka kwa mwanga. Dakika 30 za muda wa ziada futa kabisa. Timu isiyofika saa 10:30 imepoteza, na kanuni hiyo itumike siku ya kwanza kwa timu kubwa, ama haitatumika tena.

Refa. Atoke wilaya nyengine, na malipo yake yote ayapate kwa kamati kabla ya mechi, mbele ya makapteni wawili. Refa anayesubiri posho kutoka kwa wenyeji baada ya filimbi ya mwisho ameshatuhumiwa hata kama ni mwadilifu kama malaika.

#7 Bi_Micheweni
Ahsante Refa, umesema ya maana. Lakini hata ukiyafanya yote hayo, bado umeweka shehia A upande huu na shehia B upande ule, na jezi juu yake. Umechora mstari wa ugomvi kwa chokaa.

Kuna jaribio la Iraq linalojibu swali la pili la Kaskazi. Mtafiti Salma Mousa aliliandika katika jarida la Science mwaka 2020. Baada ya ISIS kuondolewa, ziliandaliwa ligi za Wakristo waliokimbia makwao, maeneo ya Erbil na Qaraqosh. Kwa kura, timu nyengine zilibaki za Wakristo watupu, nyengine ziliongezewa Waislamu watatu watatu. Waliopata wenzao Waislamu walikuwa tayari zaidi kumpigia kura Mwislamu wa timu nyengine apewe tuzo ya nidhamu, kujiandikisha tena kwenye timu ya mchanganyiko, na kufanya mazoezi na Waislamu miezi 6 baadae.

Kwa hiyo hapo hasira haikutolewa. Watu walipeana pasi.

#8 Kaskazi_Pemba
Bi Micheweni, malizia na nusu ya pili ya utafiti ule. Nje ya uwanja athari ilikuwa ndogo. Hawakuwa tayari zaidi kwenda kula mkahawani Mosul, mji wenye Waislamu wengi, wala kuhudhuria hafla ya mchanganyiko. Walimpenda Mwislamu wa mpirani. Wa mjini hawakumjua, na khofu yao kwake ilibaki.

#9 Bi_Micheweni
Kweli, na sikuificha kwa makusudi. Ila kwa shehia mbili jirani, yule wa mpirani ndiye yule yule wa dukani na wa msikitini. Iraq walikuwa wageni kwa wageni, huku hakuna wa mji wa mbali. Ndiyo maana nadhani huku itafanya kazi zaidi kuliko kule.

#10 Mtu_wa_Wete
Au kidogo zaidi! Jirani unayemjua tangu babu yake ana faili nene kuliko mgeni.

#11 Mzee_wa_Ngambo
Mnasahau ushahidi mkubwa kuliko yote. Drogba, mchezaji wa Ivory Coast, 2007 alipiga magoti kwenye televisheni kuomba amani, vita vya nchi yake vikasita.

#12 Nahodha_Tumbe
Mzee, umechanganya vitu viwili. Kupiga magoti ilikuwa Oktoba 2005, chumba cha kubadilishia nguo huko Sudan, siku waliyofuzu Kombe la Dunia. Mwaka 2007 ni ile mechi dhidi ya Madagascar iliyochezwa Bouaké, ngome ya waasi, tarehe 3 Juni, wakashinda 5–0. Na kabla ya mechi hiyo, mkataba wa Ouagadougou ulikuwa umeshatiwa saini Machi 2007. Mpira ulikuja kuubariki mkataba uliokwishapatikana.

Hata hivyo Mzee hana makosa moja kwa moja. Wachumi Depetris-Chauvin, Durante na Campante waliangalia mechi za timu za taifa barani Afrika. Watu waliohojiwa mara tu baada ya ushindi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 37, wa kujitambulisha kwa kabila kabla ya taifa. Upande wa pili, Andrew Bertoli mwaka 2017 alilinganisha nchi zilizofuzu Kombe la Dunia kwa tundu la sindano na zilizokosa kwa tundu la sindano, akaona zilizofuzu zilikuwa na ugomvi zaidi dhidi ya mataifa mengine. Ukiyaweka pamoja unapata kitu kinachoogopesha kidogo: timu ya taifa inaunganisha walio ndani kwa kuwapa mtu wa nje wa kumkabili.

#13 Mtu_wa_Wete
Na vita vya mpira vya Honduras na El Salvador, 1969? Mechi tatu mwezi wa Juni, vita Julai.

#14 Nahodha_Tumbe
Jina tu hilo. Mechi zilikuwa Juni 8, 15 na 27, vita Julai 14 mpaka 18. Lakini mzizi ni ardhi. Wasalvador kiasi cha 300,000 walikuwa wakiishi Honduras, na sheria ya ardhi ikawa inawafukuza mashambani. Uwanja uliwapa watu pahala pa kukusanyika na kutukanana. Bila ya mechi zile vita pengine vingechelewa, ila ardhi ingebaki pale pale.

#15 Maskani_Huru
Samahani wakuu, nadhani sote tunajibu swali lisilokuwa. Tunazungumza kana kwamba kijana anapigana kwa sababu ana joto mwilini. Machafuko ya kisiasa hayaendi hivyo. Kuna anayekusanya, anayelipa nauli, anayeleta maneno, anayeahidi kazi. Kijana ambaye hana hasira hata chembe anaweza kutumwa.

Klabu ya mpira inaweza kutumika hivyo hivyo. Tarehe 13 Mei 1990, Dinamo Zagreb ya Wakroatia na Red Star Belgrade ya Waserbia walipokutana uwanja wa Maksimir, Zagreb, uwanja uligeuka medani. Baadae Arkan, kiongozi wa wapiganaji wa Kiserbia, alichukua vijana wa jukwaani wa Red Star akawafanya wapiganaji wake katika vita vya Yugoslavia. Walikuwa wameshazoea kusafiri pamoja, kuimba pamoja, kumtii kiongozi mmoja na kumchukia adui mmoja. Kazi ya kuunda kikosi ilikuwa nusu imeshafanywa na ushabiki.

Na hapa kwetu, baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 na miaka yote ya uchaguzi wa mvutano, kilichotuliza 2010 kilikuwa nini? Rais Amani Karume na Maalim Seif wa upinzani walikaa pamoja Novemba 2009, ikaja kura ya maoni Julai 31, 2010, zaidi ya asilimia 66 wakasema ndiyo kwa serikali ya umoja, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu. Mpira ulichezwa 2000, ulichezwa 2005, ulichezwa 2010. Kilichobadilika ni wakubwa.

#16 Kae_Kuu
Hapo kwenye wakubwa sikupingi. Lakini shehia haiwezi kuwasubiri wakubwa mpaka wakae. Kijana wa miaka 19 yuko maskani leo.

#17 Mwl_Viungo
Maskani_Huru, nakuongezea la Liberia, linasimama baina yako na sisi. Monrovia, Christopher Blattman na wenzake walifanya kazi na wanaume 999 wa mitaani, wengi wakijulikana kwa wizi na vurugu. Wengine walipata wiki 8 za mafunzo ya kutawala fikra na matendo, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Pesa peke yake haikubadilisha tabia kwa muda mrefu, na mafunzo peke yake yalififia. Waliopata vyote viwili ndio walioendelea, na miaka 10 baadae matendo yao ya uhalifu na ukatili yalikuwa bado chini kwa kiasi cha nusu.

Hakukuwa na mpira hata mmoja pale.

Chicago kuna programu ya wavulana wa skuli ambapo kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50 wakati wanaihudhuria. Awamu ya mwanzo ilikuwa na michezo baada ya skuli: ngumi, mieleka, upinde, mpira wa mikono. Awamu iliyofuata michezo ile ikaondolewa, na matokeo yakawa karibu sawa. Zoezi lao mashuhuri ni jepesi. Wavulana wawili wawili, mmoja anashika mpira mdogo, mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 kuupata. Wanashikana, wanavutana, wanaangushana. Kisha mwalimu anauliza: mbona hakuna aliyemwomba mwenzake ampe?

Mie kutokana na hayo naona mchezo ni chambo kizuri. Samaki akishakuja, kazi inafanywa na kitu chengine.

#18 Glovu_Nyekundu
Mwalimu, chambo chengine kina sumu? Nauliza kwa sababu ya ngumi. Zanzibar zilifungwa miaka ya themanini kwa sababu ya dini, sasa zimefunguliwa, na watu wa vilabu wanasema zitawatoa vijana mitaani.

#19 Mzee_wa_Ngambo
Hapa nami nasahihisha, leo ni zamu yangu. Ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume. Zimeruhusiwa tena chini ya Rais Hussein Mwinyi. Miaka ya themanini umeitoa wapi?

#20 Glovu_Nyekundu
Nimepokea Mzee, shukran.

#21 Mwl_Viungo
Kuhusu sumu: Bergen, Norway, Endresen na Olweus waliwafuatilia wavulana wa miaka 11 hadi 13. Walioingia kwenye ngumi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya kupigana ya Mashariki, tabia zao mbaya nje ya ukumbi ziliongezeka. Na zamani zaidi, 1973, Richard Sipes alilinganisha jamii 10 zenye vita na 10 zenye amani. Lau michezo ya kupigana ingekuwa inatoa nyongo, ingekuwa mingi kwenye jamii za amani. Ikawa kinyume: 9 kati ya zile za vita zilikuwa nayo, na 2 tu kati ya zile za amani.

Lakini ukumbi haulingani na ukumbi mwengine. Kocha anayemfungia nje kwa mwezi bondia aliyepigana mtaani anafundisha kitu tofauti kabisa na kocha anayemsifu. Kabla ya kumpeleka mtoto, uliza swali hilo moja: mchezaji wako akipigana mtaani unamfanya nini?

#22 Kaskazi_Pemba
Mjadala umenijaa kichwani. Wacha nirejee kwenye shehia zetu mbili na rasimu mpya, mnipigie msasa.

Timu 8 za wachezaji 7 uwanjani na 5 wa akiba, kila timu nusu shehia hii nusu ile, kwa kura. Timu zipewe majina ya samaki, zisipewe majina ya mitaa: Changu, Tasi, Kolekole na kadhalika. Makundi mawili, kila timu mechi 3, kisha nusu fainali na fainali, jumla mechi 15. Pointi za nidhamu ziingie kwenye msimamo, kama wanavyofanya Mathare, Nairobi: kule timu ikifanya usafi wa mtaa inapata pointi za ligi. Na kosa la mdomo au la kusukumana liwe dakika 8 nje ya uwanja, kabla ya kufika kwenye kadi nyekundu.

Ng'ombe sijui nimfanye nini. Mfadhili kashaahidi.

#23 Refa_wa_Central
Kutoka nje kwa muda kunaruhusiwa na kanuni za dunia kwa mpira wa ngazi za chini, kati ya asilimia 10 na 15 ya muda wa mchezo. Kwa dakika 70 hiyo ni baina ya 7 na 10 na nusu, kwa hiyo 8 yako ni sawa. Faida yake ni kuwa mkosaji anapoa akiwa ameketi pembeni, na timu yake inamkasirikia yeye badala ya kunikasirikia mimi. Kitu kinachoharibika: hakuna anayehesabu muda, kila benchi lina saa yake. Weka mtu mmoja mezani mwenye saa na karatasi, na mkosaji aketi karibu yake, mbali na mashabiki.

Pointi za nidhamu zihesabiwe na kutangazwa kila baada ya mechi, pale pale. Zikitangazwa mwisho wa mashindano zitaonekana zimepikwa.

Na uzungushie kamba, mita 3 kutoka mstari wa pembeni, pande zote nne. Ugomvi mwingi hauanzi na mchezaji. Unaanza na shabiki aliyeingiza mguu.

#24 Nahodha_Tumbe
Ng'ombe aliwe! Siku ya fainali, apikwe pilau, shehia zote mbili, ndiyo ule moto wa Kae_Kuu. Dume likienda shehia moja litakuwa linatembea barabarani kila siku kuwakumbusha wenzao kuwa walifungwa.

#25 Maskani_Huru
Kwa Wamasai wa Kimana, Kenya, dume la mbegu ndilo zawadi ya timu inayoshinda kwenye mashindano waliyoyaanzisha 2012 badala ya kuua simba: kurusha rungu na mkuki, kuruka juu, mbio. Kule heshima ya dume ndiyo inayowavuta morani, kwa sababu simba alikuwa ndiye heshima. Ukimla ng'ombe, kijana wa shehia anabaki na nini cha kujivunia?

#26 Nahodha_Tumbe
Na pilau. Halafu medali.

#27 Dk_Barafu
Jambo moja mmelisahau nyote. Aliyegongwa kichwa akapepesuka, akasahau matokeo au akatapika, atoke na asirudi siku ile hata akisema mzima. Akianza kusinzia ovyo, kichwa kikizidi kuuma au akirudia kutapika, hospitali mara moja, usimwache akalale. Huwa nao ni wepesi wa kukasirika siku kadhaa, watu wakadhani ni tabia. Kwa mechi mbili kwa siku weka lita 60 za maji ya kunywa, barafu ndani ya kitambaa, bandeji pana na kitu cha kubebea mtu.

Na chokaa ya mistari isiwe ya tanuu ambayo haijazimwa. Ikigusana na jasho inaunguza ngozi, ikiingia jichoni inapofua. Tumia iliyozimwa vizuri na kukauka, au majivu.

#28 Mtu_wa_Wete
Mbona hamtaji resi za ngalawa? Ndiyo dawa ya mchanganyiko kuliko mpira. Weka wawili wa huku na wawili wa kule: mmoja usukani, mmoja goshi (kamba ya mbele ya tanga), mmoja demani (kamba ya nyuma), mmoja anakwenda kukaa juu ya mti wa ubavuni upepo ukizidi. Mkipiga bisho, yaani mkigeuza chombo kuukabili upepo, foromali (mti unaobeba tanga) inabidi ihamie upande wa pili wa mlingoti kwa pamoja. Mmoja akichelewa kwa kinyongo, chombo kinalala na wote mnaoga. Mpirani unaweza kumnyima pasi mwenzako dakika 70 na usijulikane. Baharini huwezi.

#29 Kae_Kuu
Hiyo nimeipenda sana. Lakini ngalawa 8 zinazolingana utazipata wapi? Chombo kikubwa tanga hakishindani na kidogo, na malalamiko yatakuwa ya chombo badala ya refa.

#30 Mtu_wa_Wete
Ngalawa 4, na nahodha wabadilishane vyombo kila mzunguko. Mizunguko 4, kila kundi limepanda kila chombo.

#31 Bi_Micheweni
Kaskazi, rasimu yako nzuri, ila naona pengo pale unaposema "kwa kura". Kura ikipigwa ofisini na watu wawili, asubuhi yake kila mzazi atasema mwanawe kapangwa na maadui. Piga kura barzani baada ya Alasiri, vikapu viwili, kimoja kila shehia, vikaratasi vikunjwe mbele za watu. Mtoto wa shehia hii achomoe kwenye kikapu cha shehia ile, na wa ile achomoe cha hii. Makipa wachomolewe kwanza kwa kikapu chao, la sivyo timu moja itapata watatu na nyengine hata mmoja.

Na kina mama waitwe pale tangu mwanzo. Medellín, Colombia, baada ya Andrés Escobar kuuawa 1994, walianzisha ligi ya mitaani ambayo goli la mwanzo lazima lifungwe na msichana, bila ya refa, na baada ya mechi timu zinakaa kitako kupeana pointi za nidhamu wenyewe. Sisemi tuige yote, huku wasichana wana nage yao (mchezo wa kurushiana mpira) na wengine mpira wao. Nasema wanaojua nani kamkosea nani wengi wao hawachezi mpira.

#32 Refa_wa_Central
Bila ya refa kabisa? Hapo siungi mkono, angalau msimu wa kwanza.

#33 Kaskazi_Pemba
Vikapu viwili nimevichukua, na cha makipa cha tatu. Bado sijaridhika na sababu yoyote kati ya zilizotajwa, Mwalimu na chambo chake, Bi Micheweni na pasi zake, Maskani na wakubwa wake, lakini kamati inakutana Ijumaa na lazima niende na karatasi.

Refa, swali la mwisho kwa leo. Wazee wa shehia moja wameshasema hawataki mchanganyiko, wanataka timu yao. Je, mechi za mwanzo ziwe za mchanganyiko na ya mwisho ya shehia kwa shehia, au kinyume chake?

#34 Refa_wa_Central
Ya shehia kwa shehia iwe ya kwanza, dakika 20 tu, bila ya pointi, bila ya zawadi, siku ya ufunguzi. Wakishaipata hiyo, chomoeni vikaratasi hapo hapo uwanjani, wabadilishe jezi, waanze.

#35 Mzee_wa_Ngambo
Nyie, dakika 20 za nyongo. Nilisema mimi.

#36 Kae_Kuu
Mzee, na moto uwashwe saa ngapi?